Jina Nililolitaja Kanisani

Fundi Ekiru,

Ni Wafula, mtu wako wa mkono, yule wa kukubebea mawe. Najua wafu hawasomi barua. Hata ulipokuwa hai hukupenda kusoma, ulikuwa unanipa mimi karatasi ya vipimo na kuniambia macho yako ni ya mawe, si ya herufi. Lakini kuna jambo siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Isiolo, na nikikaa nalo peke yangu linaniharibia kazi. Juzi nilipanga kozi mbili za mawe nje ya uzi, ikabidi nibomoe zote mbele ya watu. Kwa hiyo nakuandikia wewe.

Kwanza habari za kawaida. Lile jengo tulifikisha lenta, juu ya madirisha. Walileta fundi mwingine kutoka Maua, anapima kwa jicho na kugomba na pima maji kana kwamba ndiyo yenye makosa. Mwiko wako ninao. Chumba chako amepanga msichana anayeuza viatu vya mitumba, mlango ameupaka rangi ya waridi. Gotu nimefika mara moja tangu tukuzike. Ndugu zako wamezungushia kaburi miiba, mbuzi hawafiki. Mimi bado ni mtu wa mkono. Mgongo unauma upande ule ule, na kwetu Webuye sijaenda, huu ni mwaka wa pili.

Sasa jambo lenyewe.

Ile siku ya mwisho pale wodini ulinishika mkono wa shati ukasema, "Wafula, Mzee asikose maji." Kifua kilikuwa kimekubana, sikutaka kukuuliza mara mbili. Nilidhani unasema maji ya kunywa. Nikajiambia nitakuwa namwekea Mzee Godana mtungi mmoja mlangoni, yeye ndiye mwenye ploti tuliyopanga, si vibaya. Sikujua zaidi ya hapo. Miaka yote tuliyopanga pamoja pale Kiwanjani nilijua tu kwamba unatoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi mikono ikinuka sabuni ya mche. Kule mjengoni walikuwa wanakutania, "Fundi ako na boma ya pili." Nawe ulikuwa unajibu bila kuinua macho, "Ndiyo, na hiyo boma iko na ndevu." Tunacheka. Ulikuwa unasema ukweli mtupu na hakuna aliyesikia.

Tulirudi kutoka mazikoni Jumamosi. Kesho yake, kabla hakujapambazuka, mke wa Mzee aligonga dirisha langu. Mama Rukia hakuwa amewahi kuniambia neno zaidi ya habari ya asubuhi.

"Wewe ni mtu ya Fundi, ama?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi kuja. Mzee anataka choo na sala, na mgongo yangu imekataa."

Ndipo nikaingia nyuma ya pazia la mlango wao. Nilimkuta mzee mrefu amelala kwenye godoro la chini, upande wa kulia wote umekufa, upande wa kushoto unamfanyia kazi ya pande mbili. Wanawe wako na ng'ombe huko Merti, wanakuja wakipata nafasi. Na kila nilipotazama niliona mkono wako. Kiti cha plastiki ulichokikata katikati akae chooni. Kamba uliyoifunga kwenye boriti ashike mwenyewe wakati wa kuinuka. Na pale sakafuni mstari ulioupiga simenti ikiwa mbichi, umenyooka kuelekea kaskazini, upande wa kibla, ili yeyote atakayemkalisha amwelekeze sawa bila kumsumbua kwa maswali. Nilisimama hapo na taulo mkononi. Mtu wa kanisa letu, anayekaa benchi la mwisho karibu na mlango, amempigia Mwislamu uzi wa kuswalia.

Nilimuuliza Mama Rukia baadaye kama hukuwa na wasiwasi. Akasema naye aliwahi kukuuliza kama si dhambi kwenu, na ulimjibu, "Mimi naleta maji. Kuomba ni yake."

Sitakudanganya, Fundi. Sikupenda ile kazi. Harufu ilikuwa inanifuata mpaka mjengoni, na kumbeba mtu mzima ni tofauti na kubeba mawe, kwa sababu jiwe haliogopi kuanguka. Nilifanya kwa sababu ulinishika shati. Nilikuwa namwinua, namkalisha, namsafisha, halafu namletea maji ya udhu na kumshikia kopo huku akinawa kwa mkono wake mmoja. Nilikumbuka ulivyotuambia siku mpiga rangi alipoanguka na nguo zikamchanika. Ulisema, "Ukimwinua mtu, angalia ukuta." Basi nikawa naangalia ukuta. Mzee hakusema mengi. Alikuwa anasema "nagaa" nikiingia, na "nagaa" nikitoka, ndiyo amani kwa Kiborana, na nilikuwa najibu hivyo hivyo.

Kufikia wiki ya nne nilikuwa nimezoea. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, kwa sababu nilianza kujisikia vizuri. Nilikuwa natembea kwenda kazini nikiwatazama watu wa mjini wanaofungua maduka yao, nikijiambia moyoni kwamba hawajui nimetoka kufanya nini. Na kidogo kidogo ile kutojua kwao ikaanza kuniudhi.

Wewe unajua vile mimi nilivyo kanisani. Miaka miwili nasalimiwa kwa kichwa tu. Jina langu ni "yule wa mjengo". Nikichelewa hakuna anayeuliza. Jumapili moja Pasta akauliza kama kawaida, "Nani ako na ushuhuda?" Dada mmoja alishuhudia kupona kwa mtoto. Mzee mmoja akashuhudia safari njema ya Nairobi. Nikajiona nimesimama.

Nilisema tangu Bwana alipokuchukua wewe, mimi ndiye ninayemwinua mzee mmoja Mwislamu kila alfajiri. Nikasema namsafisha. Nikasema mpaka mambo ya chooni. Watu wakanyamaza vile wanavyonyamaza wakati kitu kimewagusa. Pasta akaniita mbele na kunipa maiki, akasema, "Rudia, ndugu, wale wa nyuma wasikie." Nikarudia, na mara ya pili nilikuwa nimejua pa kusimama ili wapige makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Pasta akasema hii ndiyo injili yenyewe, kuhudumu kwa unyenyekevu, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Baada ya ibada nilipewa soda. Nilishikwa mkono na watu ambao hawakuwa wamewahi kunishika mkono. Mwanakwaya mmoja akaniuliza, "Kwani ni mzee yupi huyo?" Nikasema, "Mzee Godana, pale ploti ya Kiwanjani." Nilitaja jina. Hakuna aliyenilazimisha. Angeniuliza kama ni kweli amepooza mkono na mguu, hata hilo ningemweleza.

Unakumbuka yule mhubiri mgeni aliyehubiri nusu ya siku juu ya kujitoa kwake? Tulipokuwa tunarudi ulisema jambo moja tu. "Bwana wetu alijifunga taulo akaosha miguu, hakushika maiki." Nilicheka siku hiyo. Jumapili ile sikulikumbuka mpaka soda ilipoisha.

Mji huu ni mdogo. Jumanne maneno yalikuwa yamefika soko la mifugo. Mzee aliuza ng'ombe pale kabla kiharusi hakijampiga, na neno lake likisemwa lilikuwa halirudiwi. Mpwa wake Adan anafanya biashara hiyo sasa. Wenzake wakamwuliza mbele ya wanunuzi, "Adan, mzee wenu siku hizi ni ushuhuda wa kanisa?" Mwingine akauliza kama maji ni ya kawaida au ya ubatizo. Wakacheka. Haya niliambiwa na Adan mwenyewe, Jumatano alfajiri, akiwa amesimama mlangoni kwa Mzee na fimbo yake. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali.

"Ndugu yangu, asante kwa yote. Imetosha."

Nikamtazama Mzee. Alikuwa amegeuzia uso ukutani. Alisema kitu kwa Kiborana, na Mama Rukia akanitafsiria bila kuniangalia. "Anasema mikono yako haina makosa. Ni mdomo."

Nikaweka taulo chini nikatoka.

Siku hiyo nilibeba mawe nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yao. Nilijiambia hawana shukrani. Jioni nilimkuta Mama Rukia kwenye bomba la ploti nikajitetea. Nikamwambia, "Mama, mimi nilisema mazuri tu." Akaendelea kujaza mtungi wake mpaka ukafurika, ndipo akafunga bomba.

"Wewe unajua kopo yetu ni ngapi?" akaniuliza.

Nikasema mbili, ya kijani na ya bluu.

"Kijani ni ya choo. Bluu ni ya udhu. Siku ya kwanza ulimletea maji ya udhu na kijani. Siku ya pili pia. Siku ya tatu pia."

Fundi, sikujua. Kwetu kopo ni kopo. Nilikuwa nimechukua lililo karibu, nikalitia maji safi nikampa. Akaniambia Mzee alikuwa ananiacha nimalize, ananawa mbele yangu kama kawaida, anasema nagaa yake. Nikishatoka anapiga kiganja ukutani penye vumbi, anajipaka usoni na mkononi, maana kwao mgonjwa aliyekosa maji yanayofaa anaruhusiwa, kisha ndipo anasali. Siku ya nne Mama Rukia alilificha kopo la kijani nyuma ya mlango ili nisilione. Alitaka kuniambia. Mzee akamkataza.

"Alisema usimwambie huyu. Ametoka kuzika mtu wake. Ataona haya."

Alichukua mtungi wake, akaniacha pale bombani.

Mzee alinifichia aibu mimi, mgeni wa siku tatu, hata mke wake mwenyewe alipotaka kuisema. Mimi nilimsimamisha uchi mbele ya kanisa zima. Nimeiandika kwa maneno machache kwa sababu nikiiandika kwa mengi nitaanza tena kutafuta makofi.

Nilifikiria kurudi mbele siku ya Jumapili na kuomba msamaha. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Halafu nikaona kwamba wangelazimika kumfikiria tena vile alivyo chooni, na mimi ningeonekana mwema mara ya pili. Pasta alipouliza ushuhuda nilikaa. Yule mwanakwaya alinigeukia akaniuliza, "Mzee wetu anaendeleaje?" Nikamwambia sijui. Akaniona nimepoa katika imani. Mwache anione hivyo.

Adan alikuja kumwinua mwenyewe siku nne. Siku ya tano ilikuwa soko la Oldonyiro, na huko mtu analazimika kuondoka mapema. Alimwambia Mama Rukia atatuma kijana mmoja wa dukani. Hakuna aliyekuja. Adhana ikiwa inaanza nilisikia kupitia ukuta ndoo ikianguka, kisha kitu kizito, kisha sauti ya mama akiita jina la Mungu polepole.

Nilisimama katikati ya chumba na shati mkononi. Nilikuwa nimeambiwa imetosha. Lakini yule alikuwa chini kwenye simenti yako iliyolowa, na mkewe hawezi hata kuinua mtungi. Nikaenda nikabisha hodi. Mama Rukia akafungua pazia nusu. Nilimwona Mzee mguu mmoja umekunjwa vibaya, kikoi kimefunguka, na yeye akaniona. Akasema neno moja kwa Kiborana ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

Ningeweza kuingia kwa nguvu. Ningemwinua kwa urahisi, hana uzito. Na kwa kweli nilitamani, kwa sababu ningekuwa nimesamehewa kwa lazima. Lakini asubuhi ile yeye alikuwa na kitu kimoja tu cha kuamua, ni nani atakayemshika.

Nikamwambia Mama Rukia amfunike, nakuja.

Nilikimbia mpaka msikitini. Walikuwa wamesimama katika sala, nikangoja kwenye lango na nguo zangu za kazi zilizokauka saruji. Nilikaa hapo kwa muda ulioonekana mrefu, viatu vyao vyote vimepangwa mbele yangu, nami sina pa kuweka mikono. Walipotoka nilisimamisha wazee wawili niliowajua kwa sura tu, wanaokaa mtaa wetu. Nikawasalimu salaam aleikum vibaya, wakanijibu vizuri.

"Kuna nini, kijana?"

"Mzee Godana anahitaji wanaume wawili. Mama amezidiwa."

"Na wewe?"

"Mimi nitaleta maji."

Waliangaliana. Mmoja akaniuliza kama si mimi yule wa kanisani. Nikamwambia ni mimi. Akavuta kofia yake mbele, akasema, "Haya, tangulia na hayo maji basi."

Walimwinua wao. Walimsafisha wao. Niliweka mtungi nje ya pazia, na kopo la bluu juu yake, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Nilisikia wakimtania kwa Kiborana, na baada ya kitambo nikasikia sauti yake ikiwarudishia. Aliswali kabla jua halijatoka. Yule mwenye kofia alipotoka aliniuliza jinsi kamba ya kwenye boriti inavyotumika. Nikamwonyesha. Akauliza nani aliifunga. Nikamwambia ni fundi aliyekuwa anapanga hapa, amefariki. Akasema, "Na sisi tuko mlango wa tano tulikuwa hatujui."

Tangu siku hiyo wanakuja kwa zamu, hao wawili, na mwingine wa tatu ambaye ni kinyozi. Wanajua kuliko mimi la kusema na la kutosema. Mimi nina kazi ya maji. Nayaweka nje ya pazia kabla ya adhana, natoka. Yule kinyozi anadhani nimeajiriwa na ploti, ananiita "wewe wa maji" na kunituma kama mtoto. Wiki ya kwanza iliniuma. Nilitaka ajue kwamba nilikuwa namwinua Mzee kabla yake. Nikaokota tu mtungi mtupu. Sasa nikisikia "wewe wa maji" nageuka haraka kuliko nikiitwa kwa jina.

Kwa wiki sita Mzee hakunisemesha. Nilikuwa nasikia kikohozi chake upande ule wa pazia, naye bila shaka alikuwa anasikia mtungi ukigusa simenti. Hakuna nagaa ya kuingia wala ya kutoka. Sikuitafuta. Nilikuwa nimekubali kwamba itakuwa hivyo mpaka mmoja wetu aondoke.

Leo alfajiri, nikiwa nimeshageuka kwenda, nilisikia akimwuliza Mama Rukia kitu. Akamjibu. Akasema kingine, kirefu kidogo, kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe wengi anayelalamikia mchungaji wake. Mama Rukia akatoa kichwa nje.

"Anasema haya maji ni baridi sana. Upepo huu wa asubuhi unaingia kwa mifupa. Anasema wewe hujui kupasha maji? Kesho yawe moto kidogo."

Nikasema sawa.

Niliingia chumbani nikakaa kitandani, nikachelewa kazini kwa mara ya kwanza. Mtu hamlalamikii ambaye amemfuta, Fundi. Hamwambii kesho.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mzee hajakosa maji. Alikosa mengine kwa sababu yangu, siku nne akahudumiwa na Adan, na sasa ana watu watatu. Wewe ulifanya peke yako miaka yote na hakuna aliyejua, mimi nimefanya vibaya na sasa tuko wanne. Sijui Mungu anaihesabuje hiyo. Mimi sijasoma mpaka huko.

Pumzika pale Gotu. Nikipata ruhusa nitakuja kuangalia ile miiba kama bado imeshikana. Nakuahidi jambo moja tu, dogo. Jina la yule mzee halitatoka tena mdomoni mwangu mbele ya watu, kwa sifa wala kwa toba.

Lakini humu ndani nimeliandika, mara nyingi kuliko nilivyokusudia, na ploti hii ina watu wanaojua kusoma. Karatasi niliyotumia ni ya ndani ya mfuko wa simenti. Inashika moto upesi. Kesho alfajiri nitaiweka chini ya makaa, na maji ya Mzee yatapata moto.

Wako,
Wafula